Mtoto anaimba alfabeti yote lakini hatambui herufi ikiwa peke yake

Mama Héritier (Kamalondo)

Salamu kwenu nyote. Mtoto wangu wa kiume ana miaka 4 na yuko mwaka wa pili wa maternele (shule ya chekechea) hapa Lubumbashi. Anaimba alfabeti ya Kifaransa kutoka A mpaka Z bila kukosea, na wageni humpigia makofi. Lakini nikimwonyesha M peke yake kwenye mfuko wa unga, hunitazama tu, au huanza kuimba tangu mwanzo mpaka aifikie. Nyumbani tunasema Kiswahili, shuleni ni Kifaransa zaidi, na kitabu alichopewa kina picha za vitu ambavyo hajawahi kuviona. Sitaki kumkalisha mezani anakili mistari, kwa maana akiliona daftari tu machozi yanamtoka. Naomba walimu na wazazi mnieleze ni michezo gani inayomfundisha mtoto herufi kwa kweli, isiwe kumchezesha tu. Tena, nianze na lugha ipi?

Mwalimu wa Katuba

Mama Héritier, mtoto wako hana tatizo. Wimbo wa alfabeti ameukariri kama anavyokariri wimbo mwingine wowote, na jina la herufi halimwambii herufi hiyo inafanya kazi gani ndani ya neno. Ukimtajia «be, a, be, a», hana sababu ya kusikia «baba». Mfundishe sauti kwanza. Majina ya herufi atayashika baadaye bila taabu. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alikata herufi kwa karatasi ya msasa na kuzibandika juu ya vibao, na mtoto alipitisha vidole juu ya herufi huku akitamka sauti yake. Kipande cha msasa hukosi kukipata kwa fundi seremala yeyote mtaani.

Hata hivyo, usikimbilie msasa kabla ya kuyazoesha masikio. Mnapopika, mwambie akuletee kitu kinachoanza kwa «sss», naye atafute sukari, sahani au sombe (majani ya muhogo). Akileta bukari, yaani ugali, chekeni pamoja, kisha mtafute kingine kinachoanza kama bukari. Mchezo huu hauna herufi hata moja, na watu wengi huuruka kwa sababu haufanani na masomo. Mimi nauona kuwa ndio msingi, kwani mtoto asiyeisikia sauti mwanzoni mwa neno hana mahali pa kuiweka alama utakayomwonyesha.

Kuhusu lugha, anza na Kiswahili. Vokali zetu ni tano, na kila moja ina sauti ileile popote inapoandikwa, ilhali katika Kifaransa u ina sauti moja ikiwa peke yake na nyingine ikitanguliwa na o, na e mara nyingi hunyamaza kabisa mwishoni mwa neno. Akishaelewa kwamba alama hubeba sauti, ufahamu huo atakwenda nao mpaka kwenye Kifaransa. Sheria ya elimu ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 inazikubali lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia, kwa hiyo hutakuwa unapingana na shule, hata kama baadhi ya wazazi hufurahia zaidi kumsikia mtoto akisema Kifaransa.

Mshonaji wa Kampemba

Ninaongezea jambo moja kwa wanaopenda kazi ya mikono. Wanangu niliwakatia herufi za vipande vya kitenge vilivyobaki, nikazishonea kitambaa kigumu ili zisikunjike, nikazitia mfukoni. Mtoto huingiza mkono bila kutazama, hupapasa na kutaja sauti. Hakikisha upande wa mbele ni wa maua na wa nyuma ni mweupe, la sivyo mtachanganyikiwa: kikombe ukikigeuza kinabaki kikombe, lakini b ukiigeuza inakuwa d, na mtoto wa umri huu bado hajazoea kitu kubadilika jina kwa kugeuzwa tu. Kwa sababu hiyo b na d nisingezitia mfukoni kwa wakati mmoja. Naye akianza kuandika herufi zikitazama nyuma, msimkaripie. Watoto wengi hupita hapo.

Kambo wa Ruashi

Walimu wa siku hizi mnauonea wimbo. Mpangilio wa herufi utamsaidia atakapofungua kamusi, basi mwacheni aimbe. Ninachokubali ni kwamba herufi lazima ziwe na kazi. Mjukuu wangu alizijua M na Z kwenye jezi ya timu ya mpira ya Mazembe kabla ya kujua nyingine yoyote, kwa kuwa alitaka kuzijua. Mama, ukienda sokoni mwache naye aandike orodha yake, hata kama ni mikwaruzo, na ukirudi mwulize ameandika nini. Zaidi ya yote, mwanzishie jina lake mwenyewe. Hakuna neno analolipenda zaidi.

Mama Héritier (Kamalondo)

Asanteni sana. Kambo, ushauri wako ninaupokea kwa heshima, ila nina tatizo: jina lake linaanza na H, na hiyo H haisikiki kabisa. Nitamwelezaje kwamba kila herufi ina sauti?

Mwalimu wa Katuba

Umegusa penyewe, Mama, na watoto wengi wa hapa wana tatizo hilohilo. Christelle naye ataambiwa nini kuhusu ch? Jina la Kifaransa liandike zima kwenye kikombe na begi lake, alitambue kama anavyoitambua sura ya mtu, bila kulichambua. Kwa kazi ya sauti tumia jina la ukoo.

Mama Héritier (Kamalondo)

Anaitwa Mumba, kama babu yake.

Mwalimu wa Katuba

Huwezi kupata bora zaidi. Mumba lina herufi nne tu, m, u, b na a, na kwa hizo nne anaweza kuandika mama, baba, uma, hata mbu, ambaye hakuna mtoto wa Lubumbashi asiyemjua. Zichore kubwa kwa makala (mkaa) kwenye saruji ya uani, zikiwa zimeachana. Wewe utamke sauti, naye aruke juu ya herufi yake. Akizizoea, atamke yeye, uruke wewe, na mara mojamoja ukosee kwa makusudi ili akusahihishe. Baada ya hapo aruke kutoka m kwenda a, m tena, na a, huku akivuta sauti bila kuzikata, mpaka asikie mwenyewe kwamba ameita mama. Hapo ndipo uongeze l na k, moja baada ya nyingine. Mchezo uukatishe angali anautaka, na daftari likae kabatini kwanza.

Mshonaji wa Kampemba

Akifika kwenye mbu, mwalimu, je, m na b atazitamka pamoja au kila moja peke yake?

Mwalimu wa Katuba

Pamoja, kama anavyosema kila siku. Mtangulizie mama na baba kwa muda wa kutosha. Mbu atakuja baadaye.