Kwa nini wasiongeze tu oili kwenye beringi za injini ya ndege?

Mwanafunzi wa Injini:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasoma uhandisi wa ndege na nimekwama kwenye beringi za shafti kuu ya injini ya jeti. Ikiwa tatizo ni joto linaloletwa na mwendo mkali, kwa nini watafiti wasiongeze tu oili, badala ya kuhangaika kubadili njia ya oili na hata chuma chenyewe?

Fundi Mstaafu:
Oili ikizidi ndani ya beringi hugeuka mzigo, kwa sababu gololi hulazimika kuivuruga, na kule kuvurugwa ndiko kunakozaa joto jingine. Isitoshe, oili inayorushwa kutoka pembeni hutupwa nje na mzunguko kabla haijafika kwenye ringi ya ndani, inakohitajika zaidi. Ndiyo maana kituo cha NASA Lewis cha Cleveland, ambacho leo kinaitwa Glenn, kilijaribu katika miaka ya 1970 kuipitisha oili chini ya ringi ya ndani, itokee kwenye vitundu vilivyotobolewa humo, ili nguvu ile ile iliyokuwa ikiitupa sasa iisambaze. Beringi yenye kipenyo cha ndani cha milimita 120 iliweza kuzungushwa mara 25,000 kwa dakika. Zidisha namba hizo mbili: unapata milioni 3, na hicho ndicho kipimo kinachoitwa DN.

Mkufunzi:
Naongezea upande wa chuma. Kwa mwendo huo ringi ya ndani huvutika kwa nguvu kubwa, kiasi kwamba ufa mdogo waweza kuipasua yote. Chuma cha M50, kinachotumika kwenye beringi za namna hii, ni kigumu hadi kiini, na ugumu huo hauzuii ufa kuenea. Aina yake nyingine, M50 NiL, ilitengenezwa iwe ngumu juu tu, huku kiini kikibaki na ustahimilivu. Gololi nazo hukandamiza ringi ya nje, hivyo zikitengenezwa kwa silikoni nitraidi, aina ya kauri ambayo kwa ujazo ule ule ina takriban asilimia 40 ya uzito wa chuma, mkandamizo hupungua sana.

Mwanafunzi wa Injini:
Nawashukuru, wakuu. Je, gololi hizo za kauri hazina kasoro kwa fundi wa ukaguzi?

Fundi Mstaafu:
Ipo moja. Plagi ya sumaku iliyo kwenye njia ya oili, tunayoichomoa kutafuta vichenga vilivyomomonyoka, hunasa chuma, hainasi kauri. Gololi ikianza kumomonyoka, plagi itabaki safi mpaka ringi nayo iumie, kwa hiyo usisahau kukagua chujio la oili.