Acheni kutuuzia asilimia za kura za maoni kuhusu uchumi bila kutuonyesha swali lililoulizwa

Wakuu, hili limenifika shingoni. Kila uchaguzi ukikaribia ni yale yale: kichwa cha habari kinatangaza kwamba asilimia sitini na kitu ya wapigakura wanaunga mkono ruzuku fulani au wanapinga kodi fulani, wachambuzi wanakaa studio saa nzima kuchambua, wagombea wanapindisha ahadi zao, na swali lenyewe halijasomwa na yeyote kati yao. Idadi ya waliohojiwa imefichwa mstari wa mwisho, kama ipo. Nani kalipia utafiti, kimya. Halafu tunaambiwa "wananchi wamesema".

Tuanze na hilo swali. Muulize mtu kama serikali iongeze fedha za hospitali, atakujibu ndiyo bila kufikiri mara mbili. Muulize kama yuko tayari kodi yake ipande ili hospitali zipate fedha hizo, hapo anaanza kusita. Ongeza kwamba njia nyingine ni kukopa au kukata bajeti ya barabara, na jibu linageuka tena. Maswali yote matatu ni halali na yote yanahusu sera ileile, lakini linalofika kwenye kichwa cha habari ni la kwanza, lile lisilotaja gharama. Na hii si bahati mbaya. Aliyelipia utafiti ndiye aliyepitisha dodoso (orodha ya maswali), na anajua fika swali gani litamletea namba anayoitaka.

Kuna ushahidi wa miaka mingi. Utafiti mkubwa wa jamii wa Marekani, General Social Survey, tangu miaka ya 1980 umekuwa ukiwagawa wahojiwa: kundi moja linaulizwa kama serikali inatumia fedha kidogo mno kwa misaada ya ustawi ("welfare"), jingine linaulizwa hivyo hivyo kuhusu kuwasaidia maskini. Majibu yanapishana kwa makumi ya pointi za asilimia! Watu ni walewale, nchi ni ileile, kilichobadilika ni maneno. Kule Cincinnati, mji wa Marekani, watafiti waliwahi kuwauliza watu maoni yao kuhusu sheria ya mwaka 1975 ambayo haikuwahi kuwepo, wakaitungia na jina. Karibu theluthi moja walitoa maoni. Sasa chukua swali kuhusu nakisi ya bajeti au riba ya benki kuu, usiweke chaguo la "sijui", halafu uje utuambie wananchi wana msimamo.

Na yale maswali ya "unakubali au hukubali" yaacheni kabisa. Watu wengi hukubali kwa adabu tu au ili mahojiano yaishe haraka. Weka pande mbili zinazopingana, mtu achague.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo uchafuzi ulipo mkubwa. Sampuli, yaani kundi linalohojiwa kuwakilisha wote, ya watu 1,000 iliyochaguliwa vizuri ina uwezekano wa makosa wa takriban pointi 3.1 juu au chini, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, yaani tafiti 95 kati ya 100 za namna hiyo zingeangukia ndani ya mipaka hiyo. Hiyo ni kwa asilimia ya mgombea mmoja. Pengo kati ya wagombea wawili kwenye utafiti huohuo lina makosa karibu mara mbili, yaani pointi 6 hivi wanapokaribiana. Ukilinganisha tafiti mbili za watu 1,000 kila moja, mabadiliko yanatakiwa yazidi pointi 4 na nusu hivi ndipo uanze kuyaamini. Kwa hiyo habari ya "mgombea ashuka pointi 3 baada ya kutangaza kodi mpya" haina mashiko. Huenda hakuna kilichoshuka.

Bado kuna kupima uzito. Vijana wakijibu wachache, kila kijana aliyejibu anahesabiwa kama mmoja na nusu au wawili, ili sampuli ifanane na sensa. Ni sahihi kufanya hivyo, ila kuna gharama: sampuli ya 1,000 inaweza kubaki na nguvu ya watu 670 hivi, na makosa yanapanda hadi karibu 3.8. Ni nani anayeiandika namba hiyo?

Kinachokera kuliko vyote ni vile vijedwali vya ndani vinavyogawa majibu kwa makundi. "Wakulima wamemkimbia mgombea fulani kwa sababu ya bei ya mbolea." Fungua jedwali: wakulima waliohojiwa ni 100. Makosa hapo ni karibu pointi 10 kila upande. Unaandika makala nzima juu ya kelele za takwimu, yaani tofauti zinazotokea kwa bahati tu.

Mtaniambia sampuli ikiwa kubwa mambo yanakaa sawa. Hapana. Mwaka 1936, kwenye uchaguzi wa rais Marekani, jarida la Literary Digest lilikusanya kadi za majibu zaidi ya milioni 2 na kutabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalitoka kwa kiasi kikubwa kwenye orodha za wenye simu na magari, tena katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na waliojitokeza kujibu hawakufanana na walionyamaza. Upendeleo wa sampuli hauponywi kwa wingi.

Sasa mfano unaogusa uchumi moja kwa moja. Uingereza, uchaguzi wa Aprili 1992. Kwa miaka kadhaa tafiti zilikuwa zikionyesha kwamba watu wengi wako tayari kulipa kodi zaidi ili huduma ziwe bora. Chama cha upinzani, Labour, wakaingia na mpango wa kodi, na chama tawala, Conservative, wakaupiga nyundo kila siku. Tafiti za mwisho zilionyesha vyama vinakabana koo, nyingine zikiwaweka Labour mbele kidogo. Conservative walishinda kwa zaidi ya pointi 7. Uchunguzi uliofuata ulitaja walioamua dakika za mwisho, wafuasi wa Conservative waliokataa kusema, na sampuli zilizokosewa. Mtu kumwambia mhojaji kwamba kodi ipande hakumgharimu kitu. Kwenye karatasi ya kura kunamgharimu.

Kura za maoni zina kazi yake, na hapa ndipo wachambuzi wanapopoteza dhahabu wakiokota makapi. Zinapima vizuri namna watu wanavyohisi maisha. Marekani mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1 Juni 2022, na kufikia vuli ya 2024 ulikuwa chini ya asilimia 3. Wanauchumi wakashangaa kwa nini wapigakura bado wamenuna. Mfumuko kushuka maana yake bei zinapanda polepole, si kwamba zimerudi zilikokuwa: zilikuwa juu kwa takriban asilimia 20 kuliko mwanzoni mwa 2021. Mpigakura alikuwa anasoma bei, mchambuzi anasoma kasi ya bei.

Vilevile 1992 huko huko Marekani. Mdororo ulikwisha Machi 1991, lakini kamati ya wanauchumi inayotangaza tarehe za midororo ilitoa tamko Desemba 22, 1992, wiki kadhaa baada ya Rais George H. W. Bush kushindwa uchaguzi. Takwimu za kitaalamu na hisia za watu haziendi kwa saa moja, na kura hufuata hisia.

Ila hata hisia zichunguzeni. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2016, wafuasi wa Republican waligeuka ndani ya wiki chache wakaona uchumi mzuri, na wa Democratic wakageuka upande wa pili, wakati rais mpya hajaapishwa wala sera haijaguswa. Jibu la "uchumi unaendaje" mara nyingi ni jibu la "nani yuko madarakani". Usipotenganisha majibu kwa vyama, wastani wako unaficha makundi mawili yanayopishana njiani.

Kwa hiyo anayeleta asilimia za uchumi kwenye jukwaa hili alete na hivi: maneno kamili ya swali na lililotangulia (ukiuliza kwanza kuhusu gharama za maisha, kisha utendaji wa rais, umeshamchafua mtu), tarehe za mahojiano, njia iliyotumika kama ni simu, ana kwa ana au mtandaoni, waliohojiwa wangapi, waliosema hawajui wangapi, na mlipaji. Na muulize wahojiwa ni suala gani litakaloamua kura yao. Sera inaweza kupendwa na asilimia 70 na isisogeze kura hata moja, huku ile inayochukiwa na asilimia 15 ndiyo inayowatoa watu nyumbani kwenda kituoni.

NB: Msije na "lakini kampuni hii ilipatia uchaguzi uliopita". Kupatia mshindi hakuthibitishi chochote kuhusu swali lao la kodi. Leteni dodoso.