Utitiri kwa sisimizi wa kufuga: limau, brashi, kuhama au utitiri mwindaji?

Mlezi_wa_Malkia
Wakuu, kuna kundi la malkia mmoja na vibarua kama 40. Linakaa kwenye neli ya kioo yenye maji nyuma ya pamba, na mdomo wa neli unaingia kwenye uwanja mdogo wa kulishia. Malkia ana vidoa 12 vya kahawia hafifu, vimeganda shingoni na chini ya tumbo. Baadhi ya vibarua wana kimoja kimoja. Njia zinazotajwa sana ni kipande cha limau, kuwatoa kwa mkono, kuhamishia neli mpya na kuweka utitiri mwindaji. Kwa kundi dogo hivi, ipi ianze?

Lenzi10
Mkuu, kwanza umjue mgeni. Tumia lenzi ya kukuza mara 10 au zaidi na taa ya pembeni, si ya juu, ili kivuli kionyeshe miguu.

Kidoa cha mviringo, laini kama mbegu, kisichosogea hata malkia akisafishwa, kwa kawaida ni abiria. Ni hatua moja ya ujana ya utitiri unaokula uozo na vyakula vilivyolala, wa jamii za Acaridae na Histiostomatidae. Hatua hiyo haina kinywa cha kulia. Chini ya mwili, upande wa nyuma, ina vikombe vya kunatia, na kazi yake ni kushikilia tu mpaka afikishwe penye unyevu na chakula. Akifika hushuka, hujivua gamba na kuanza kula na kuzaa. Mmoja au wawili hawamdhuru sisimizi. Wakiwa wengi ndipo balaa: viungo vya miguu na vipapasio vinakwama, na vibarua wanashinda wakimpangusa malkia huku mabuu hawalishwi.

Ukiona anayetembea haraka mwilini, au aliyejichimbia kwenye ngozi laini kati ya pingili, tumbo limetuna na kung'aa, huyo huenda ni mnyonyaji. Hapo usisubiri.

Wapo pia Antennophorus, wanaopatikana kwa sisimizi wa Lasius. Hukaa chini ya kichwa cha kibarua, wamenyoosha miguu mirefu ya mbele kama vipapasio, na kuomba chakula kinachotapikwa kutoka mdomo hadi mdomo. Hawanyonyi, wanaiba. Dawa yao ni mkono tu.

Maelezo yako, vidoa vimeganda na havisogei, yanaelekea kwa abiria.

Neli_Kavu
Basi kama ni abiria, kazi kubwa iko kwenye pamba na mabaki. Angalia pamba ya zamani na vipande vya wadudu waliolishwa. Ukiona vumbi jeupe linalotambaa, hapo ndipo kiwanda kilipo. Ukisafisha malkia leo na kiwanda kikabaki, baada ya wiki mbili au tatu atakuwa na mzigo uleule.

Kuhama: neli mpya ya milimita 16 kwa 150, maji theluthi moja, pamba ishindiliwe mpaka ilowe bila kudondosha. Unganisha midomo kwa utepe, funika mpya kwa karatasi ya alumini, ya zamani iache kwenye mwanga. Siku 1 hadi 3 wengi huhama wenyewe. Usiwamwage kwa kutikisa: mayai hutawanyika na kunata kwenye maji, na abiria hawadondoki hata mmoja.

Uwanja toa mchanga wote, osha kwa maji ya moto, anika mpaka ukauke kabisa, na uuache hivyo. Utitiri wa uozo una ngozi nyembamba. Hewa yenye unyevu chini ya asilimia 60 huukausha. Sisimizi wao watakunywa kwenye neli.

Udhaifu wa njia hii usemwe wazi: abiria wanastahimili ukavu kuliko ndugu zao, na wanahama wakiwa mgongoni.

Brashi_000
Ndiyo maana kuhama peke yake hakutoshi. Kwa vibarua 40, mkono ndiyo njia inayolenga hasa, na ndiyo inayoua malkia wengi ikifanywa kwa pupa.

Weka malkia kwenye kichupa kikavu ndani ya friji, nyuzi 4 hadi 5, dakika 5. Spishi za nchi zenye baridi huvumilia dakika 10. Za joto zisizidi 5. Friza usiiguse. Andaa sahani juu ya barafu, juu yake karatasi laini ya kukaushia, maana atazinduka ndani ya dakika moja au mbili akikaa kwenye joto la chumba.

Chukua sindano nyembamba, ncha yake uiguse kwenye mafuta ya mgando kisha uifute, ibaki na utando tu. Bonyeza kidoa kwa upole kutoka nyuma, kitanatia kwenye ncha, kisha inua. Tone zima la mafuta ni hatari: sisimizi anapumua kwa vitundu vilivyo ubavuni, na mafuta yakiviziba ameisha. Pale kiunoni tumia brashi laini namba 000 badala ya sindano.

Toa 5 au 6, mrudishe, acha siku tatu ndipo umalizie. Malkia anayesumbuliwa mfululizo hula mayai yake.

Ganda_la_Limau
Limau lisidharauliwe. Kipande cha milimita 3 chenye ganda, mdomoni mwa neli, kisiwaguse, saa 24. Mafuta ya ganda ndiyo yanayofanya kazi, siyo uchachu. Wafugaji wengi wameona abiria wakipungua, na malkia hakuguswa hata kidogo.

Lenzi10
Wengi wengine hawakuona tofauti, na sababu inaeleweka. Limonini ya ganda hudhuru wadudu kwa jumla, na imo hata kwenye dawa za kuulia sisimizi. Ndani ya neli iliyozibwa mvuke hauna pa kutokea. Dozi inayomshtua utitiri iko jirani mno na inayomlevya mwenyeji wake. Atakayejaribu aweke uwanjani, kifuniko wazi, na alitoe mara vibarua wakianza kuyumba au kubeba mayai kwenda mbali. Limau lililosahaulika huota ukungu, na ukungu ni chakula cha utitiri.

Mwindaji_wa_Udongo
Kuhusu utitiri mwindaji, Stratiolaelaps scimitus, ambaye bado huuzwa kwa jina la zamani Hypoaspis miles: ni wa kahawia, mwendo kasi, chini ya milimita moja, hula utitiri laini na mayai yake. Kwa kiota cha udongo au plasta chenye mamia ya vibarua, ambako brashi haifiki, ndiye ninayemchagua mimi. Kwenye uwanja wa sentimita 20 kwa 20 anza na 20 hadi 30.

Kwa neli ya mleta mada, hapana. Hakuna udongo wenye unyevu wa kumhifadhi, na abiria walioganda hawashughulikii vizuri. Njaa ikimzidi anaweza kugeukia mayai ya sisimizi.

Jambo linalowaponza watu: msimwage chupa nzima. Humo mara nyingi mna utitiri wa uozo uliowekwa kama chakula cha wawindaji, kwa hiyo unaingiza adui mpya kwa mkono wako. Mwaga kwenye sahani nyeupe, okota wanaokimbia kwa brashi yenye unyevu.

Mzinga_Saba
Na dawa za varroa, utitiri wa nyuki, kama asidi ya fomiki au thaimoli?

Brashi_000
Hapana, mkuu. Kipimo chake kimepangiwa mzinga wa makumi ya lita, wenye maelfu ya nyuki wanaopunga hewa kwa mabawa. Kwenye neli ya mililita 25 unaua kila kitu. Unga wa daiatomia, unaotumiwa kuulia wadudu, nao hukwangua nta ya sisimizi kama unavyokwangua ya utitiri.

Mlezi_wa_Malkia
Nimeelewa: neli mpya na uwanja mkavu, sindano kwa awamu mbili, limau na mwindaji hapana. Sasa walitoka wapi, na wasirudi vipi?

Neli_Kavu
Mara nyingi huja na nyenje au mabuu ya kulishia. Wagandishe kwa nyuzi 18 chini ya sifuri saa 48, au uwachovye kwenye maji yanayochemka sekunde 30 na kuwakausha. Katakata, weka juu ya kipande kidogo cha plastiki, ukitoe na mabaki yake kabla ya saa 24. Kwa mwezi mmoja, kila kibarua anayekufa mtoe upesi umtazame kwa lenzi chini ya taya na kwenye mashina ya miguu. Usimwache alowe uwanjani: maiti yenye unyevu ndipo abiria hushukia.