Anubiasi au kangaga la Java kwa tangi dogo?

Kijana_Chumbageni: Wakuu, natafuta mmea mmoja tu wa tangi la samaki, usionipa kazi. Duka limeniwekea anubiasi na kangaga la Java mpaka Jumamosi. Nichukue upi? Niko Tanga mjini.

FundiTangi: Lita ngapi? Samaki gani, taa ipi, chini umeweka nini? Bila hayo tutapiga ramli.

Kijana_Chumbageni: Lita 25, gapi sita, taa ya LED wati 6. Chini changarawe na vipande vya matumbawe.

BintiRaskazone: Anubiasi. Inavumilia mwanga hafifu, na inakua polepole mno, mkasi utausahau. Ila lile shina nene linalolala usilifukie!

FundiTangi: Hapo ndipo inapofia. Shina likifukiwa na changarawe linalainika, linanuka, majani yanachomoka yangali mabichi. Ukilibonyeza likabonyea, kata kwa wembe safi mpaka ufike penye ugumu na ukijani, kilichooza tupa. Kilichobaki kifunge juu ya jiwe kwa uzi, usikaze sana. Supaglu ya jeli nayo inafaa: tone dogo, bana kidogo, tumbukiza. Mizizi itajishikiza yenyewe.

MzeeWaPangani: Kangaga mnalionea. Linafungwa vilevile, na jani kuukuu linaotesha vichipukizi. Vikishatoa mizizi unabandua, una mmea wa pili bure. Vidoti vya kahawia mgongoni mwa jani ni vya uzazi. Msikimbilie dawa.

BintiRaskazone: Shikamoo mzee. Na joto la Februari je? Maji yakikaa juu ya nyuzi 30, kangaga linadhoofika.

MzeeWaPangani: Marahaba. Feni ndogo ipulize juu ya maji, nyuzi mbili tatu zinashuka.

FundiTangi: Maji yanaondoka na mvuke, chokaa inabaki. Jazia ya mvua. Na hayo matumbawe yanazidi kuongeza chokaa. Changarawe nayo idondoshee siki. Ikitoa povu, ni yaleyale.

NgamianiKwetu: Gapi wanapenda maji ya chokaa, mwacheni kijana! Maji hayo ni ya valisneria, ule mmea wa majani marefu kama utepe. Inapandwa changaraweni, kitako panapoanzia majani kibaki juu.

FundiTangi: Inatambaa, mkuu. Lita 25 itazijaza, kila mara unang'oa. Kasema hataki kazi.

NgamianiKwetu: Kung'oa miche ni kazi? Inakua haraka, kwa hiyo inafyonza uchafu wa samaki kuliko hizo mbili.

Kijana_Chumbageni: Anubiasi ya dukani ina manyoya meusi kwenye majani.

BintiRaskazone: Huo ni mwani. Majani hayo kata yote kabla ya kuingiza. Taa iwashe saa sita, isizidi nane.

NgamianiKwetu: Changarawe ina kina gani? Sentimita tano valisneria inakaa vizuri kabisa.