Boti ya mtumba ya faiba: mkaguzi wa kulipwa, fundi wa mtaani au cheti cha serikali?

Mwenda_Mbudya (mwanzisha mada)
Habari zenu wakuu. Nimepata boti ya faiba ya futi 26, iko Mkokotoni, Unguja. Ina mashine mbili za Yamaha za nguvu 60 kila moja, zile zisizochanganywa oili kwenye petroli. Mwenyewe anataka milioni 45, na anasema ilikuwa inabeba wageni wa kuzamia. Nia yangu ni kuileta Kunduchi, Dar, nipeleke watu visiwa vya Mbudya na Bongoyo, kwa hiyo hapa nanunua kitu kitakachobeba roho za watu.

Njia zangu ni tatu. Kuna mkaguzi wa vyombo anayejitegemea, atatoka Dar, ametaja milioni 1.2 pamoja na nauli, na ananipa ripoti ya maandishi yenye picha. Kuna fundi faiba na fundi mashine wa kule kule kijijini, wote wawili hawafiki laki tatu. Na kuna neno la muuzaji: boti ina cheti cha ukaguzi cha ZMA, mamlaka ya vyombo vya baharini ya Zanzibar, ambacho bado hakijaisha, sasa nikague nini tena? Mliokwisha nunua, mngeshika ipi?

Nahodha_Pangani
Cheti kitoe kwenye mashindano, kinafanya kazi nyingine. Mkaguzi wa mamlaka, awe wa ZMA kwa Zanzibar au TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, kwa huku Bara, anataka kujua kama chombo kinaruhusiwa kubeba watu: majaketi ya kujiokolea yapo na yanatosha, kizima moto kipo, idadi ya abiria ni ipi, chombo hakivuji. Hakufungulii mashine wala hakwambii kama boti ina thamani ya milioni 45. Na hali anayoiandika ni ya siku ile aliyoiona. Boti inaweza kugonga mwamba wiki inayofuata na cheti kikabaki kizima kwenye droo.

Cheti ukidai, maana bila hicho hufanyi biashara. Halafu kwa kuwa unahamia Bara, nenda TASAC uwaulize wanataka nini kwa boti iliyosajiliwa Zanzibar. Ulize kabla ya kulipa.

FundiFaiba_Tanga
Mkuu, mimi kazi yangu ni hii, na nitakwambia boti za aina hiyo zinafia wapi. Zinafia nyuma, pale mashine zinapofungwa. Ule ubao wa shetri ndani yake mara nyingi ni plaiwudi iliyovikwa faiba. Kila bolti inayopita pale ni tundu, na kama aliyefunga hakuziba vizuri, maji yanaingia kidogo kidogo mpaka mbao inakuwa uji, huku nje rangi inang'aa. Inamisha mashine juu, shika kwa chini karibu na propela, uibonyeze na kuinyanyua huku mwenzako ameweka jicho kwenye ungio la shetri na ubavu. Ukiona shetri inacheza, au nyufa nyembamba zimetoka pembeni kama miguu ya buibui, hapo kuna kazi kubwa. Halafu omba ruhusa utoe skrubu moja ya chini, ya ndani. Ikitoka na maji ya kahawia au unga mweusi wa mbao, huhitaji kipimo kingine.

Chini ya boti gonga na nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki, kiganja kwa kiganja, toka omo hadi shetri. Faiba nzima inatoa sauti kali, ya kukatika. Palipoachana matabaka panatoa sauti butu. Weka alama kwa chaki kila unapoitilia shaka, ukimaliza simama mbali utazame alama zimekaaje. Zikifuatana mstari mmoja juu ya mataruma, yaani mbavu za ndani za boti, boti ilipigwa sana na mawimbi, au ilikaa vibaya nchi kavu.

Sakafu nayo usiisahau. Boti nyingi zina povu chini ya sakafu la kuzisaidia zisizame. Povu likishalowa halikauki, na boti inabeba maji hayo siku zote. Angalia iliketi wapi majini: mstari wa uchafu ukiwa juu sana ya mstari wa rangi, hasa upande wa shetri, uliza kwa nini. Na rangi mpya kabisa kwenye boti inayouzwa mimi huwa inanitia wasiwasi.

Kwa haya, fundi mzuri anatosha. Sioni sababu ya milioni 1.2 kwa futi 26.

Nahodha_Pangani
Fundi, ujuzi wako siupingi hata kidogo. Ila fikiria fundi wa Mkokotoni. Kesho anarudi kutengeneza boti nyingine ya huyo huyo muuzaji, pengine ni mtoto wa shangazi yake. Atamwambia mgeni kutoka Dar kwamba shetri imeoza? Mimi nasema fundi ni sawa, lakini atoke kwako, umlipe wewe, na asiwe na mtu wa kumwonea haya pale.

FundiFaiba_Tanga
Hapo umesema kweli. Achukue fundi wa Kunduchi apande naye boti.

Dada_Mashine
Samahanini kaka zangu, mmezama kwenye faiba na nusu ya pesa iko kwenye mashine.

Mwambie muuzaji asiziwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono kwenye kichwa cha mashine, iwe baridi. Mashine ikishapashwa moto inaficha ugonjwa wa kugoma asubuhi. Kisha fundi atoe plagi zote apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Namba yenyewe si muhimu kama usawa wake: silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna iliyochoka. Fungua skrubu ya chini ya gia upokee oili kidogo. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, sili imekufa na maji ya chumvi yameingia kwenye gia. Zinki, vile vipande vinavyofungwa ili viliwe na kutu badala ya mashine, zikiwa zimeliwa zote, mashine yenyewe ndiyo iliyokuwa inaliwa.

Kama mashine zako ni za mfumo wa umeme wa kuingiza mafuta, fundi mwenye kompyuta ya Yamaha anaweza kusoma saa zilizotembea na kwa mwendo gani. Hicho mdomo wa muuzaji haukifuti. Mashine mbili za boti moja zikitofautiana sana saa, moja ilibadilishwa, na lazima kuna sababu.

Mwisho mpande baharini. Weka watu au madumu ya maji uzito wa wageni wako, nenda kasi kamili. Mashine za ukubwa huo kwa kawaida zinatakiwa zifike mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika. Zikikwama 4,300, ama propela si yake, ama mashine imechoka, ama boti ni nzito kwa maji ya lile povu alilotaja Fundi. Dakika tano ukizunguka mbele ya diko hazitoshi, kaa nusu saa uone kama king'ora cha joto kitalia.

Mswahili_Southampton
Nipo Uingereza na huku ni utaratibu wa kawaida: mnunuzi anatoa arubuni, mara nyingi asilimia 10, kwa sharti la ukaguzi. Kasoro kubwa zikionekana, arubuni inarudi au bei inashuka. Gharama ya mkaguzi na ya kuitoa boti majini ni ya mnunuzi. Ila Mwenda, soma vizuri mkaguzi wako ameahidi nini. Wengi wanakagua bodi tu, mashine wanaitazama kwa nje. Unaweza kulipa milioni 1.2 na bado ukamhitaji fundi wa Dada. Faida yake kubwa ni ile karatasi: kampuni za bima kwa kawaida huomba ripoti ya mkaguzi kwa boti ya zamani, na ya fundi hazikubali.

Mwanza_Ziwani
Nyongeza fupi: mashine ikishatembea maji ya chumvi, umri wake usiuhesabu kama za huku ziwani. Uliza wanaisuuza vipi kwa maji yasiyo na chumvi, na hosi iko wapi. Asiyekuonyesha hosi hakuwa anasuuza.

Mwenda_Mbudya
Shukrani sana wote. Bima nitakata, maana nabeba watu, hivyo mkaguzi nitamchukua, lakini sitamtanguliza. Naanza na fundi faiba na fundi mashine kutoka huku. Wakiipitisha ndipo nimwite mkaguzi. Wakiikataa nimeokoa milioni. Swali: Mkokotoni hakuna winchi, nitaonaje chini?

Nahodha_Pangani
Maji yatakufanyia. Nenda siku za bamvua, baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Pwani hii maji ya bamvua hupwa mita tatu na zaidi, na kwa Unguja kupwa kunafika mwisho kama saa nne asubuhi, kweupe kabisa. Mwambie muuzaji aitie boti mchangani tangu maji ya alfajiri, aiegemeze ubavu mmoja, na kupwa kwa pili igeuzwe ubavu wa pili. Mnapata saa kadhaa za kugonga. Mashine mzijaribu alasiri maji yakirudi.

Arubuni uandike kwa sharti, kama alivyosema ndugu wa Southampton, mbele ya sheha. Na namba za mashine zilizogongwa kwenye mabano ya kufungia uzilinganishe na zilizo kwenye nyaraka, herufi kwa herufi. Mashine zinaibwa sana.