Mwani umefunika tangi la maji ya chumvi: kichujio cha fosfeti, tangi la kando, au kangaja?

MkaziWaNyali: Habari zenu wanajukwaa. Nina tangi la maji ya chumvi nyumbani, na kwa muda sasa mwani wa kijani wa aina ya nywele umefunika mawe, ukapanda hadi kwenye bomba la pampu, na sasa umeanza kuyazonga matumbawe laini. Mwisho wa mwezi huu nina fedha za kufanya jambo moja tu, nami nasita baina ya matatu: kununua kichujio chenye chembechembe za oksidi ya chuma zinazonasa fosfeti (kirutubisho kinacholisha mwani), kujenga tangi dogo la kando la kuoteshea mwani wa keto, au kuongeza samaki aina ya kangaja mmoja na konokono kadhaa waule. Lipi limewafaa wenzangu?

FundiMatangi: Ndugu, umetuficha karibu kila kitu. Tangi lina lita ngapi, na lina umri gani? Maji unayatoa wapi, na yale ya kufidia yanayopotea kwa mvuke unayatoa wapi? Taa zinawaka saa ngapi kwa siku? Naitreti na fosfeti zinasoma ngapi? Kabla ya hayo kujulikana, kila atakayekujibu atakuwa anakuelezea tangi lake, si lako.

UmmuSalim: Mimi nitamwelezea langu hivyo hivyo. Keto ni mwani mgumu unaofanana na uzi wa kuvulia uliovurugika, na hunyonya naitreti na fosfeti zile zile zinazolisha mwani unaokusumbua. Uweke kwenye hilo tangi la kando, taa yake iwake usiku wakati ya tangi kuu imezimwa, na kila unapojaa ukate nusu uitupe; ulichotupa ndicho uchafu uliotoka majini. Faida nyingine ni kwamba pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, haishuki sana usiku. Hauna haraka, lakini hauhitaji kununuliwa tena na tena kama zile chembechembe.

Kasa_Kigamboni: Chochote utakachochagua, nakuomba usiguse dawa ya chupa. Binamu yangu hapa Dar es Salaam aliuziwa dawa ya kuua mwani na muuzaji aliyemhakikishia kuwa inafaa tangi lolote, kumbe ilitengenezwa kwa ajili ya mabwawa ya maji baridi, na salfeti ya shaba ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo mno nyuma ya chupa. Asubuhi yake konokono walikuwa wamelala mchangani, nyama imetoka nje ya gamba na hairudi hata ikiguswa, na kamba msafishaji amepinduka akichezesha miguu bila kwenda popote. Samaki walinusurika, kwa kuwa wao huhimili kiasi cha shaba kinachoua wanyama wasio na uti wa mgongo. Mwani nao ulikufa, ukaoza, amonia ikapanda, naye akabadilisha sehemu kubwa ya maji akidhani mambo yamekwisha. Lakini mawe na mchanga wa chokaa hufyonza shaba na kuiachia polepole, kwa hiyo kila konokono aliyeongezwa baadaye alikufa vilevile, hadi binamu akatupa mawe yote na kuanza upya. Mwani ulirudi muda mrefu kabla ya konokono, kwa sababu chakula chake hakikuguswa.

Mvuvi_Msambweni: Pole kwa binamu, ila yote haya ni mzunguko mrefu. Kangaja tunawaona kila siku wakiparuza miamba. Mtie mmoja, na samaki tasi mmoja, mwani utakwisha.

FundiMatangi: Miamba ina bahari nzima nyuma yake. Kangaja hupenda mwani mfupi, na huu mrefu mara nyingi huupita tu. Akibanwa katika tangi dogo huota madoa meupe, na chakula cha kumnenepesha ndicho kitakacholisha mwani tena. Tasi ana miiba yenye sumu, na mikono ya mwenye tangi haikosi kuingia majini. Akitaka walaji, aanze na konokono, tena si kutoka Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, ambako kuchukua kiumbe chochote ni marufuku.

MkaziWaNyali: Samahani kwa kuchelewa. Tangi ni la lita 250, taa huwaka kwa saa kumi na mbili kila siku, maji ya chumvi nayachota ufukweni, na ya kufidia ni ya kisima. Naitreti inasoma 40. Kipimo cha fosfeti sina.

FundiMatangi: Kisima! Kinachopotea kwa mvuke ni maji matupu, na kila kilichoyeyuka hubaki. Ukijazia maji ya kisima yenye naitreti, kila ndoo inaongeza juu ya iliyopita. Anza na kichujio cha osmosi, kinachoondoa vilivyoyeyuka majini, kisha punguza taa hadi saa nane kwa siku. Hizo chembechembe nazo zina hatari yake, kwani ukizizidisha fosfeti ikafika sifuri, hukaribisha dinoflajelata, ule ute wa kahawia wenye mapovu, ambao ni balaa kuliko nywele.

UmmuSalim: Na maji ya ufukweni je? Baada ya mvua za masika mito humwaga kila kitu baharini. Mimi huchanganya chumvi ya mfuko.

Mvuvi_Msambweni: Chumvi ya mfuko kwa mtu anayeishi Nyali? Achote maji yakijaa, mbali na mkondo, nje ya msimu wa mvua. Matumbawe yanaishi humo humo.

Kasa_Kigamboni: Yachujwe basi, yakae gizani kwanza. Mkazi, umeuchunguza huo mwani? Ng’oa kishada, ukiache kielee kwenye bakuli jeupe lenye maji. Ukiwa nyuzi tupu, ni wa kawaida. Ukiwa na matawi kama unyoya, ni Bryopsis, ambao hukaidi hata maji yakiwa safi, na wengi huutibu kwa flukonazoli, dawa ya kuvu.

MkaziWaNyali: Nimefanya hivyo sasa hivi. Vishada vya juu ni nyuzi tupu, lakini kilichotoka nyuma ya pampu kina matawi.

UmmuSalim: Basi unao wote wawili. Keto nitakupa bure, ukiwa tayari kuja kuuchukua Kilifi.

Mvuvi_Msambweni: Mimi bado nasema tasi.