Tupeane uzoefu: testa, mita, plaizi na spana, nani alikufundisha kushika?

Babu Soketi
Wakuu habari za Jumapili. Jana kaja kijana wa fundi hapa home kubadilisha soketi ya jikoni. Katoa testa (ile bisibisi yenye kitaa cha kuonyesha umeme) mfuko wa nyuma, kaishika kwenye chuma chenyewe, vidole viko karibu na ncha kabisa, anataka kuchomeka tundu la moto, lile lenye umeme. Nikamwambia dogo ebu subiri kwanza. Ananiangalia kama mimi ndo nimechanganyikiwa, "mzee mbona siku zote nafanya hivi". Nani kakufundisha? "Nimeona bosi anafanya." Ndo nikawaza, hivi vitu wengi wetu hatukufundishwa, tumeona tu. Nyundo tumeona, msumeno tumeona, testa tumeona. Sasa nani humu alikaa chini akafundishwa na mtu, alifundishwaje, na kwa wasiofundishwa umeshuhudia nini? Mwageni, matusi hapana.

gongolamboto_finest
Nimekaa pale na karanga zangu

Randa Kavu
Mimi nimekulia Keko kwenye mafenicha. Mzee wetu pale ukiingia mpya hakupi msumeno wala randa, anakupa patasi butu na jiwe la kunolea anakwambia noa. Unanoa mpaka mkono unakufa ganzi, anakuja anajaribu kwenye mti, anakurudishia bila kusema neno. Tulikuwa tunamnunia lakini ukweli patasi butu ndo inakata watu, kwa sababu unasukuma kwa nguvu zote halafu inateleza.

Ila kituko cha karne ni futi. Mnajua kile kindoano cha mbele kwenye futi kinachezacheza? Akaja jamaa mmoja mpya kutoka karakana nyingine, mjuaji balaa, akasema futi zenu mbovu zimelegea, akaziweka zote juu ya chuma akazigonga na nyundo zikakaza. Zote! Kumbe kile kindoano kimetengenezwa kicheze, kinatembea unene wake wenyewe, ukikivuta ukingoni mwa mbao kinatoka, ukikisukuma ndani ya kona kinaingia, ili kipimo cha nje na cha ndani vilingane. Baada ya hapo droo zikawa haziingii, milango ya kabati inabana, watu wanalaumiana, mpaka mzee akalinganisha na futi yake ya mfukoni. Yule jamaa hakufukuzwa ila mpaka leo pale anaitwa Milimita.

mama_K
Milimita 😂😂😂 nimecheka mpaka mtoto kaamka

Laivu na Nyutro
Mi nilisoma umeme VETA, chuo cha ufundi, na nashukuru Mungu, maana mwalimu wetu wa vitendo alikuwa mkali kuliko shoti. Mita hatukuruhusiwa kugusa ukutani hata kidogo, tulianza na betri za tochi. Pima hii, andika, geuza nyaya, ona alama ya kutoa imetokea, kwa nini? Kila mkimaliza lazima kisu cha mita (kile cha kuzungusha kuchagua unapima nini) kirudi OFF na waya mwekundu urudi tundu la volti. Ukisahau unafagia karakana.

Kwa nini waya mwekundu? Kwa sababu ukiuacha kwenye tundu la ampea halafu mwenzako akaenda kupima soketi, mita haipimi tena, imekuwa waya. Umeunganisha laini (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudishia umeme) kwa mkono wako. Na hizi mita ndogo za bei chee lile tundu la 10A nyingi halina fyuzi, soma limeandikwa hapo hapo mbele ila nani anasoma.

Na cha pili, kabla hujasema hapa hakuna umeme: pima kwanza sehemu unayojua ina umeme, halafu pima unapotaka kufanyia kazi, halafu RUDI pima tena pale penye umeme. Mita inaweza kufa katikati hapo ukaambiwa sifuri na maiti.

Spana Malaya FC
Mnaongea sana ya umeme, sisi wa bomba hamtukumbuki. Spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, nayo ina namna yake. Unageuza ili ule mdomo usiotembea ndo ubebe nguvu, unavuta kuja kwako. Vijana wanaikamata kinyume, mdomo unaotembea unafunguka, nati inakuwa duara, halafu wanasema nati za siku hizi za karatasi.

Ring 13
Fundi wa kweli hatumii spana malaya. Full stop. Nunua seti.

Spana Malaya FC
@Ring 13 kafungue koneksheni ya tenki na seti yako ya ringi tuone

Ring 13
Nafungua na paipu renchi kiongozi

Spana Malaya FC
Paipu renchi kwenye koneksheni ya shaba?? Meno yote yale? Wewe ndo unaharibiaga watu nyumba, jina lako nimeliandika

Babu Soketi
Vijana turudi kwenye mada

Mtu wa Goba
Hii mada imenikumbusha kitu ambacho hata nikikaa kimya kinanirudia. Tulikuwa Goba tunafunga pampu ya kisima kirefu, fezi tatu (nyaya tatu zote zina umeme), mimi kazi yangu kushika kamba ya pampu tu mnisamehe. Fundi mkuu alikuwa mtu mzima, anaheshimika, wateja wanamgombania. Pampu ya zamani imekufa inatakiwa kukatwa waya itolewe. Akamwambia mlinzi nenda kazime breka (swichi ya kukatia umeme) ya pampu, mlinzi kaenda kwenye kisanduku kaona pameandikwa PAMPU kazima, kumbe siku za nyuma kuna mtu aliongeza breka mle ndani akazisogeza zote, maandishi hakuyagusa, kwa hiyo iliyozimwa ni ya taa za nje. Saa nne asubuhi nani ataona taa za nje zimezimwa?

Sasa fundi hakuwa mzembe, alipima. Katoa mita yake nzuri tu, kapima fezi kwa fezi, sifuri. Nyingine sifuri. Ya tatu sifuri. Akasema "limekufa hili". Kumbe asubuhi ile alitokea kwa mteja wa sola, alikuwa anapima paneli, kisu cha mita kimebaki kwenye DC, umeme wa sola na betri!! Umeme wa pale ni AC, ule wa gridi, volti 400 na mita inamwambia sifuri kwa sababu ameiuliza swali lingine. Akachukua plaizi akazikusanya nyaya tatu pamoja akabana.

Wakuu sijui nisemeje. Sio mlio wa cheche, ni mlio wa baruti. Mwanga mweupe, mimi nimeachia kamba, pampu imeenda chini kisimani na kila kitu. Nikifungua macho fundi kakaa chini miguu imenyooka, nyusi hamna, uso mwekundu, anasema "sioni, sioni" anapapasa mchanga. Tulimwagia maji ya kindoo cha ujenzi, tukampakia bajaji. Macho yalirudi Mungu mkubwa, mkono ulichukua muda mrefu kupona. Ile plaizi ipo, nimeiona kwa macho yangu, kwenye meno ya kukatia kuna tundu unaweza kupitisha msumari wa nchi tatu. Chuma kimeyeyuka.

gongolamboto_finest
Karanga zimenipalia

mama_K
Mungu wangu. Sasa pampu ilitolewa?

Mtu wa Goba
@mama_K ipo huko huko chini. Wakachimba kingine

Engineer wa Mtaa
Samahani lakini hii stori ina chumvi. Mita ikiwa DC ukipima AC lazima ionyeshe KITU. Haiwezi kuwa sifuri safi.

Laivu na Nyutro
Inaweza vizuri sana. AC inapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, nusu juu nusu chini, upande wa DC mita inachukua wastani, na wastani wake ni sifuri. Nyingi utaona 0 au vinamba vidogo vinarukaruka. Chukua yako nenda kapime, ila nyaya zikae tundu la volti usije ukatuachia msiba

Engineer wa Mtaa
Sijasema haiwezekani nimesema ina chumvi

Mtu wa Goba
Chumvi ipo kwenye nyusi za mtu mzima wa watu kaka

Kamukunji Steel
Salamu kutoka Nairobi. Hiyo story imenigusa juu hapa kwetu jua kali pia tulikuwa na fundi wa stima wa aina hiyo. Yeye alikuwa hatumii meter kabisa, alikuwa na bulb kwa holder na waya mbili, basi. Watu walikuwa wanamcheka. Lakini nikwambie, ile bulb haidanganyi vile meter ya digital inadanganya. Waya imekufa lakini imepita kwa paipu moja na waya iko moto, meter inakuonyesha volti 60, 90, unachanganyikiwa. Bulb inakuambia hakuna kitu hapa.

Tz in Birmingham
@Kamukunji Steel ni kweli kuhusu volti hewa, ila bulbu ikiungua filamenti nayo inakwambia hakuna umeme, halafu utajua mwenyewe. Huku nilipo nafanya kazi za umeme, testa ya bisibisi ukionekana nayo saiti wanakucheka mpaka chai inapoa. Tunatumia testa ya miguu miwili isiyo na kisu cha kuzungusha, haina cha DC wala AC, inajua yenyewe. Ncha zake chuma kinachoonekana kisizidi milimita 4, yaani nyingine zote ni plastiki, ili usije ukagusanisha vitu viwili ndani ya kisanduku. Ukizima breka unaifunga kwa kufuli, ufunguo mfukoni mwako. Sio kumtuma mlinzi.

Ring 13
Kufuli la breka 😂 hapa bongo wataiba kufuli

Tz in Birmingham
Basi ng'oa fyuzi kaa nayo

Kitaa Umeme
Msiidharau testa jamani. Tangu nimeanza hii kazi natembea na testa ya buku tatu. Siri yake ni kujua inavyofanya kazi. Mle ndani kuna kizuizi kikubwa halafu kitaa, umeme unapita kwenye mwili wako kidogo sana, chini ya miliampea moja, ndo maana lazima uguse kile chuma cha nyuma kwa kidole. Sasa ukiwa umepanda ngazi ya mbao kavu na buti za mpira inawaka kwa mbali sana, na ukiwa nje jua linawaka huoni kabisa. Umekufa kwa sababu ya jua. Mimi nikiwa nje nafunika na kofia.

Bibi Hekima
Na mkono mmoja mfukoni siku zote, moto usipite kifuani

Spana Malaya FC
@Bibi Hekima mkono mmoja mfukoni juu ya ngazi? Usipokufa na umeme utakufa na sakafu

Tupa Bila Mpini
Jina langu linajieleza. Wekeni mpini kwenye tupa zenu. Mengine sisemi.

mama_K
Mafundi mliomo humu nisaidieni. Chumba cha watoto soketi haifanyi kazi, mume wangu kaweka testa matundu yote mawili YANAWAKA. Anasema umeme umezidi. Umeme unazidije?

Kitaa Umeme
Hahaha umeme haujazidi dada. Nyutro imekatika mahali. Moto unapita kwenye kitu kilichochomekwa au taa iliyowashwa, unakosa njia ya kurudi, unaishia upande wa pili. Chomoa kila kitu kwenye hiyo laini na zima taa, halafu jaribu tena.

Engineer wa Mtaa
Au kajenereta ka jirani

Laivu na Nyutro
Acha hizo. @mama_K kama ni chumba kimoja tu, kuna skrubu imelegea kwenye soketi au boksi la laini hiyo. Ila vyumba vingine taa zikianza kung'aa kupita kiasi au kufifia hovyo zima meni swichi hapo hapo, nyutro kubwa ikikatika kwenye mfumo wa fezi tatu volti zinapanda na friji lako linaondoka.

mama_K
Tumechomoa feni na chaja zote. Tundu moja limezima, moja linawaka! Sasa hivi kashika bisibisi anataka kufungua mwenyewe

Kitaa Umeme
Meni swichi kwanza!!! Na apime na testa hapo hapo kabla na baada

Tz in Birmingham
Asifungue. Ita fundi mwenye leseni ya EWURA

Ring 13
Mimi nipo Kinyerezi nakuja kwa elfu kumi na nauli

Spana Malaya FC
@mama_K huyo wa Kinyerezi atakuja na paipu renchi, usimfungulie geti